Wananificha Nyuma ya Shuka Nipige Gita ya Mutu Mwingine

Wewe Jicho Kali wangu, unayenisoma kabla hata ya kuangalia bei ya simsim, sogea hapa. Barua ya leo imekuja na basi ya Koboko, imekunjwa ndani ya kifuniko ya kaseti, na mwenye kuandika amekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Nimetoa matusi mbili ya Kilugbara kwa sababu mama yangu pia anasoma gazeti hii. Ingine yote ni yake.

*

Dada Santa mpendwa, naomba msaada, na naomba haraka, kwa sababu dansi ni Jumamosi baada ya Idi na mpaka sasa sijui kama nitapiga ao nitaondoka.

Jina yangu ni Dramadri, mutu wa Vurra, lakini ukija Koboko ukiuliza Dramadri hakuna mutu atakuonyesha, wote wananijua Fadhul, na Fadhul si jina yangu, si ya baba yangu, mimi ni Mkatoliki, nilibatizwa Logiri, lakini kila Idi watu wananipa mkono wananiambia Idi njema Fadhul, na mimi najibu, nitafanya nini. Ngoja nieleze.

Mimi napiga gita kwa bendi inaitwa Radi ya Koboko. Labda ulisikia, ao labda mama yako alisikia, kwa sababu ni bendi ya zamani, wazee walianzisha wakati walikuwa vijana wa jeshi, wanapiga tarumbeta ya kambi, halafu mkubwa wetu Lokule, sisi tunamwita afande mpaka leo, alitumwa kozi ng'ambo, na wenzake walirudi na suti na redio, yeye alirudi na sahani za santuri za wazungu wa nywele refu, muziki ya gita nzito, kelele juu ya kelele, chuma tupu, akawaambia vijana tarumbeta basi. Hawakuwa na mashini ya kufanya gita ingurume namna ile. Basi wakachukua sindano ya kushona gunia wakatoboa karatasi ya spika matundu matundu, na ile spika ikaanza kulia kama mashini ya kusaga muhogo imemeza jiwe. Watu walipenda, wanasema walijaa mpaka juu ya ukuta. Mpaka leo ndio sauti yetu, spika mupya ikifika kwetu kitu ya kwanza ni sindano.

Halafu vita ya sabini na tisa ikafika, serikali ya wanajeshi ikaanguka, unajua mwenyewe, kila mutu alikimbia na njia yake, wengine Zaire, wengine Sudan, na bendi ikakatika barabarani. Lokule alifika Aba, ng'ambo ya mpaka, yeye na mpiga besi peke yao. Fadhul wa gita, hakuna. Pitia wa dramu, hakuna. Hakuna mutu aliona maiti, hakuna mutu aliona kaburi, na Lokule akakataa kilio, alisema mutu ambaye hujaona maiti yake huwezi kumlilia. Sasa zamani dansi yao yote ilikuwa inaanza na kuita majina, kama gwaride ya asubuhi, afande anaita kwa maikrofoni na mwenye jina anajibu na chombo yake, Pitia na dramu, Jale na besi, Fadhul na gita. Kule Zaire Lokule alipata kijana mwingine wa dramu, wakati wa kuita akaita Pitia, na yule kijana akapiga. Ndio ikawa sheria. Ukiingia Radi ya Koboko jina yako unaacha mlangoni. Nilimuuliza siku moja kwa nini, akaniambia, "Kama naita na kuna wa kujibu, hajapotea."

Lakini dada, angalia sasa tumefika wapi. Pitia wa pili alirudi shule. Pitia wa tatu aliokoka, akabeba vijiti ya dramu mpaka kanisani, mpaka leo anapigia kwaya ya Midia. Pitia wa sasa ni mutu wa Nebbi anaitwa Ocama, anapiga vizuri lakini anapenda usingizi. Jale wa kweli ameacha besi anauza magodoro Vurra karibu na forodha, ukimwambia habari ya muziki anakuambia lala kidogo ujaribu, na mahali yake iko Jale mwingine. Kila mutu akiondoka Lokule anasema bendi iko ileile. Ileile namna gani. Ni majina tu iko ileile, watu ni wengine, ni kama kuita mutu kwa nyumba ambayo amehama.

Mimi niliingia mwaka ya themanini na nane, bendi imesharudi Koboko. Hakuna mutu alinifundisha, nilikuwa nasikiliza Radi kutoka nje ya ukuta. Gita ya kwanza nilitengeneza mwenyewe, mbao ya sanduku ya risasi na waya ya breki ya baiskeli ya mjomba wangu, na mjomba alishuka mlima ya Logiri bila kujua breki hakuna, na kila Krismasi ananikumbusha. Nilijua nyimbo zote kabla Lokule hajanijua mimi. Na siku ya kwanza aliniangalia toka chini mpaka juu akasema, "Wewe ni Fadhul," akaondoka. Hakuuliza nimetoka wapi.

Na muziki yenyewe inakufa, dada, inakufa mbele ya macho. Watu wanataka kaseti ya Zaire, wanataka kiuno. Juzi tulipiga Vurra, madereva wa malori wamekaa wanatuangalia kama sisi ni ajali ya barabarani, mmoja akasogea akamuuliza Lokule, "Mzee, kwani nani amekufa?" Lokule akageuka akaniambia mimi, "Ongeza sauti." Kwake kila ugonjwa dawa ni moja. Watu wameondoka, ongeza sauti. Betri ya gari imeisha moto katikati ya wimbo, ongeza sauti. Sauti nitatoa wapi, kwa pua?

Sasa shida yenyewe. Mwezi ya kwanza hii tulikuwa mazoezi, mchana, ndani ya stoo ya zamani ya pamba, na Lokule akaita kama kawaida. "Pitia." Ocama akapiga. "Jale." Besi ikajibu. "Fadhul." Mimi nikavuta nyuzi, gita inanguruma, na mlangoni mutu akasema, "Niko, afande."

Mutu mwembamba, kanzu ya vumbi, mfuko moja begani. Lokule aliweka maikrofoni chini polepole kama yai. Alitembea mpaka mlangoni, akamshika yule mutu masikio yote mbili, akageuza kichwa yake huku na huku, kama mutu anaangalia kama mbuzi ni yake. Halafu akakaa chini kwa sakafu. Ni Fadhul, dada. Fadhul mwenyewe wa sabini na tisa. Miaka yote hiyo alikuwa Sudan, mbali, anapasua mbao kwa mashini, aliambiwa bendi yote ilikwisha njiani, na sasa vita ya huko imemsukuma akarudi na wakimbizi.

Nilifurahi, usinione mubaya. Koboko yote ilifurahi, wamama walipiga vigelegele barabarani, mbuzi walichinjwa, na nyumba zingine walianza kufagia uwanja, kwa sababu kama Fadhul amerudi, kumbe mutu anaweza kurudi. Mimi pia nilikula ile nyama. Lakini ile mashini ya mbao ilichukua vidole ya mkono yake ya kushoto, imebaki kidole gumba na ile ndogo, na mbele ya watu anaificha ndani ya kanzu. Gita hawezi.

Basi Lokule akatangaza dansi ya Idi, Fadhul Amerudi, imeandikwa kwa ukuta ya soko. Akaniita. Akasema, "Fadhul," mimi nikajibu na mzee Fadhul pia akajibu. Akasema, "Hapana, wewe kijana." Basi sasa mimi ni wewe kijana. Miaka sita ya kuitwa Fadhul, na hata hiyo imeondoka.

"Koboko yote inakuja kusikia mkono ya Fadhul," akaniambia. "Uso yake wanajua. Yeye atasimama mbele na gita. Wewe utakaa nyuma ya shuka."

"Nyuma ya shuka nafanya nini, afande?"

"Unajibu."

"Na yeye?"

"Anashika gita."

"Gita iko na waya ya spika?"

"Waya ya nini, na vidole hakuna."

Na shuka yenyewe nimeonyeshwa, ni ya kitanda ya bibi yake, ya maua, iko na kiraka. Ocama alicheka mpaka akaamka kabisa. Aliniambia, "Kaka, chukua na mto."

Halafu kuna Adriko. Adriko iko na bendi kwa hoteli moja Arua, muziki laini ya kucheza umeshika soda, amesikia mimi napiga, anataka nianze Jumatatu, na jina yangu Dramadri ataandika kwa ubao ya mlango. Mimi ile muziki yake siitaki, nyuzi tatu na kutabasamu, lakini ni jina yangu. Na mchumba wangu Nora, anashona nguo hapo Arua, ananiambia niende bila kuaga. Alisema, "Mimi nitamwambia mama naolewa na nani, na shuka?"

Kitu ingine kidogo, sijui kama ni kitu. Juzi nilikuwa peke yangu pale stoo napiga ile jibu ya Fadhul, ile ya kuita majina, na mzee Fadhul akaingia akakaa juu ya gunia. Alisema, "Rudia polepole, mwanangu." Nikarudia. Akasema, "Hapo umebadilisha." Mimi nikawaka, nikamwambia ndio nimebadilisha, ya kwanza ilikuwa inakwama kama punda, nimetengeneza. Mzee aliangalia ule mkono yake, akatoka. Hata yeye anakuja kunikagua, dada. Nimechoka na wazee.

Niambie moja tu. Nikae nyuma ya shuka kwa heshima yao, ao Ijumaa nibebe gita yangu niende Arua, niwaache na shuka yao?

Ni mimi, DRAMADRI, na usiandike jina ingine.

*

Dramadri. Umeona, nimeanza na jina yako. Sasa vuta pumzi.

Pole, kwanza pole ya kweli. Miaka sita unajibu jina ya mtu mwingine, unapiga mpaka vidole inaota ngozi ngumu, na hakuna hata mmoja amekuuliza ulizaliwa wapi. Huyo Lokule anawapenda wale waliopotea mpaka hawaoni wale wamesimama mbele yake na jasho. Hiyo ni makosa, na mtu amwambie. Ile shuka pia ni upuuzi, na maua yake na kiraka yake, usikae nyuma yake hata dakika moja. Hapo tumemaliza.

Sasa kaa nikuambie ya kwako. Umeniandikia karatasi nzima, pande mbili, na mtu moja tu hukumuuliza kitu. Mzee Fadhul. Lokule ulimuuliza, Ocama unajua anacheka nini, Nora amesema, Adriko amesema, mpaka dereva wa lori wa Vurra nimesikia maneno yake. Yule mwenye atasimama mbele ya Koboko nzima na gita haina waya, mkono ya kushoto vidole mbili, anajifanya anapiga, na wale waliomjua kijana wanamwangalia, huyo hukumuuliza anaonaje. Unalia kwamba wanakuficha. Yeye wanamwonyesha. Nani kati yenu ataumia zaidi siku hiyo, fikiri.

Na alikuja kwako mwenyewe. Alikaa juu ya gunia, akakuita mwanangu, akakuambia hapo umebadilisha. Wewe uliwaka kama karatasi, unasema anakukagua. Kijana, masikio ya nini hiyo umepewa. Mtu ambaye amebeba wimbo yake kichwani miaka kumi na tano kwa kelele ya mashini ya mbao amerudi akasikia si yake tena. Ndio alikuambia. Yeye peke yake kwa Koboko amesema wazi kwamba ile mkono ni yako, na wewe ukamjibu habari ya punda. Nenda umwombe msamaha, kesho, mchana, na sukari kidogo, usiende mkono tupu kama polisi.

Halafu fikiri hata kwa akili ya kawaida. Kama yeye alisikia umebadilisha, wale wengine hawatasikia? Wale wamama waliopiga vigelegele walicheza ile muziki wakiwa wasichana. Watu wa Koboko si wajinga. Watakaa kimya, kwa heshima, wataangalia shuka inatikisika, na mzee wa watu atajua wanajua. Lokule ataharibu siku ile ile anataka kutengeneza.

Ukifika kwa mzee Fadhul, kaa chini, muulize hivi tu: siku hiyo wewe unataka kufanya nini? Usimpe jibu. Anaweza kusema hataki kabisa kuja. Anaweza kusema atakaa mbele kwa kiti kama mgeni. Mimi nafikiri, lakini mimi si yeye, kwamba siku alifika mlangoni alishajibu. Alisema niko, afande, na mdomo, na Lokule akakaa sakafuni. Hiyo haikuhitaji nyuzi hata moja. Akijibu namna hiyo kwa maikrofoni, hakuna gita itazidi hapo.

Mkishakubaliana, muende kwa Lokule wawili, pamoja, na mzee aongee kwanza. Wewe funga mdomo mpaka yeye amalize, najua ni ngumu. Halafu useme neno yako moja: afande, Fadhul amepata jina yake, mimi naomba uite yangu. Dramadri. Na mimi nitajibu na gita, hapo mbele, mahali watu wanaona. Akikubali, piga usiku huo kama hujawahi kupiga. Akikataa, mwambie asante kwa miaka yote, kunja waya yako, toka na mlango ya mbele, mchana. Habari ya kuondoka Ijumaa bila kuaga, hapana. Huyo Nora namwelewa, na mimi ningekasirika, lakini mwambie watu wa Koboko wameona watu wakiondoka bila kuaga ya kutosha, wewe usiongeze.

Adriko angoje. Akikutaka kweli Jumatatu hii atakutaka Jumatatu ingine. Na ukienda kwake, uende kwa sababu unataka, si kwa sababu ya ubao ya mlango. Unasema muziki yake ni nyuzi tatu na kutabasamu. Basi jifunze kutabasamu, hakuna mtu alikufa. Na acha kudharau watu wanaocheza. Wamekimbia vya kutosha, wakitaka kiuno wape kiuno. Lakini ukibaki na ile chuma yenu, ubaki bila kulalamika kila wiki kwamba madereva hawachezi. Chagua moja, ubebe.

Kitu ya mwisho, na hii usikose. Ukimwomba Lokule aite jina yako, usimwombe aache kuita zile zingine. Yule Pitia wa kwanza bado hajarudi. Ocama ajibu, hata na usingizi yake. Siku Ocama akichoka, kama wewe umechoka, Lokule atasimama pale na maikrofoni, ataita Pitia, na hakuna dramu. Hapo mimi sina ushauri, nasema ukweli, nimeandika mstari hii na kufuta.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, Jicho Kali, unayesoma hii kwa kibanda ya chai ao kwa foleni ya kisima, wewe pia ambaye nyumbani kuna kiti hakuna mtu anakalia tangu mwaka ule. Ukiwa hapo siku hiyo, na jina inaitwa mara moja, mara ya pili, na hakuna wa kujibu, wewe ungefanya nini?